Kioo cha Gari Chasema Hivi, LUKU Yasema Vile

Mwezi huu tunaomba mtuvumilie tuache kidogo habari za homa, lishe na chanjo, tuzungumze juu ya umeme. Tunajua wapo watakaoshangaa: muuguzi na mambo ya gari la umeme wapi na wapi? Lakini jambo hili limegusa nyumba yetu, limegusa fedha ya matumizi, na baya zaidi limemgusa mtu asiye na hatia aliyekuwa chini ya dari letu. Tukinyamaza, tutakuwa tumejifunza peke yetu, na mwenzetu mwingine atakuja kuangukia shimo lile lile.

Mwaka jana Baba watoto alinunua gari dogo la umeme lililokwisha kutumika Japani. Sababu ilikuwa ni safari za kazini na shuleni, ambazo kwetu ni kama kilomita 40 kwa siku, yaani kilomita 1,000 kwa mwezi wa siku 25 za kazi. Gari la petroli la ukubwa ule, likienda kilomita 12 kwa lita, lingetaka lita 80 na kitu kila mwezi. Kila mama anaijua bei ya petroli ya mtaani kwake, basi azidishe mwenyewe aone.

Gari la umeme lina kioo mbele ya dereva, na kioo hicho huonyesha limetumia umeme kiasi gani. La kwetu lilituambia kwamba kwa kila kilomita 100 linakula uniti 15. Tukafurahi. Baba watoto akachukua kalamu: kilomita 1,000, uniti 150. Nyumba yenyewe, kwa taa, friji, televisheni na pasi, ilikuwa imezoea uniti 110 kwa mwezi. Jumla 260. Tukaandika katika daftari la matumizi, tukatenga fedha ya LUKU, tukalala usingizi mzuri.

Mwezi wa kwanza ulipokwisha, tulikuwa tumetumia uniti 293.

MASHAKA YALIVYOINGIA NYUMBANI

Uniti 33 si kitu kidogo kwa mwenye nyumba. Tukihesabu uniti moja kwa shilingi 350, hizo ni shilingi 11,550 zilizotoka bila kuaga. Kwanza tulidhani ni ile kodi ya jengo ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa tunaponunua LUKU. Lakini kodi hupunguza uniti unazopata kwa fedha yako; haizimalizi zile ambazo tayari zimo ndani ya mita. Tulikuwa tumehesabu uniti zilizotumika, wala si fedha iliyolipwa. Basi tukasema, kuna mtu anayetumia umeme huu.

"Kioo cha gari hakiwezi kudanganya," alisema Baba watoto. "Ile ni kompyuta."

Na kama gari halikosei, nani anakosea? Akina mama, mnajua vidole huelekea wapi katika nyumba zetu jambo la namna hii linapotokea. Havielekei kwa baba, wala havielekei kwa mama. Huelekea jikoni, kwa yule binti anayetusaidia kazi.

Tulimwita. Tukamwuliza habari za pasi, za televisheni mchana tukiwa kazini, za jiko la umeme. Akajibu, "Mama, mimi pasi napiga Jumapili jioni tu, nguo za shule." Hatukuamini. Tulikwisha kuwa na jibu kabla ya kuuliza, na mwenye jibu tayari hasikii. Tukaifungia pasi kabatini. Mshahara wa mwezi ule tukaupunguza kwa shilingi 10,000, tukisema ni kumfundisha uangalifu. Hakubisha. Alizipokea zilizobaki kwa mikono miwili, akarudi kuosha vyombo.

Mwezi wa pili pasi ilikuwa kabatini, nasi tulishika ufunguo. Umeme ukapungua kwa uniti zile zile, 30 na kitu. Hapo mtu mwenye akili angesimama afikiri. Sisi tulisema labda sasa anatumia jiko.

Mwezi wa tatu binti alipata msiba kwao, akaenda wiki mbili. Tulipika wenyewe na kufua wenyewe. Mwisho wa mwezi tulifungua daftari tukakuta pengo limebaki pale pale, kama mgeni asiyejua kuondoka. Baba watoto alinitazama, nami nikamtazama. Hakuna aliyesema neno, kwani sote wawili tulikuwa tumeelewa jambo moja: yule mtoto wa watu hakuhusika.

FUNDI NA MITA NDOGO

Tulimwomba fundi umeme wa mtaani aje. Alifunga mita ndogo, kama zile ambazo wenye nyumba huwafungia wapangaji, kwenye waya unaokwenda kwenye soketi ya gari peke yake. Kisha akatuagiza: jazeni gari hadi asilimia 80, andikeni kilomita na namba ya mita ndogo. Endesheni siku kumi. Kila mkichaji, chajini hadi asilimia ile ile 80. Siku ya kumi, mkishajaza mara ya mwisho, njooni na daftari.

Tukafanya hivyo. Gari lilikuwa limekwenda kilomita 400. Kioo chake kilisema ni uniti 15 kwa kila kilomita 100, yaani uniti 60. Mita ndogo ilisema uniti 73.

"Sasa nani mwongo?" tukamwuliza fundi.

"Hakuna mwongo," akasema. "Kila mmoja anahesabu akiwa amesimama mahali pake."

Maneno hayo ndiyo kiini cha ukurasa wetu wa leo, nasi tunapenda kuyaeleza kwa lugha ya jikoni na ya wodini, kwani ndizo tunazozijua.

MAHINDI NA UNGA

Mama akipeleka mahindi kilo 20 mashineni yakakobolewa na kusagwa, harudi na unga kilo 20. Pumba zimetoka, nyingine imepeperuka, kidogo kimebaki ndani ya mashine. Akiulizwa amepata unga kiasi gani, atataja kile kilichomo mfukoni. Akiulizwa amelipia nini sokoni, atasema kilo 20. Majibu yote mawili ni ya kweli.

Kioo cha gari huhesabu unga. Huhesabu umeme unaotoka ndani ya betri kwenda kwenye magurudumu. Mita ya LUKU huhesabu mahindi, yaani umeme wote uliotoka ukutani. Katikati yao ipo mashine ya kusaga, na pumba zake ni joto.

Wodini tunalo jambo linalofanana na hilo. Mtoto mwenye kuhara akitapika, hatuandiki tu kwamba amepewa vikombe vitatu vya maji ya chumvichumvi. Tunaandika pia alichotapika, kwa kuwa kilichotoka kwenye jagi si lazima kiwe ndicho kilichobaki tumboni. Muuguzi anayesoma upande mmoja tu wa chati anaweza kudhani mtoto ameshiba maji kumbe anakauka. Tumelifundisha jambo hili kwa wauguzi wanafunzi miaka mingi. Nyumbani tukasoma upande mmoja tu wa chati.

UMEME HUPOTELEA WAPI?

Sehemu ya kwanza ni kigeuzi kilichomo ndani ya gari. Umeme wa ukutani ni wa aina moja na umeme wa betri ni wa aina nyingine, hivyo lazima ugeuzwe, na kila kugeuza huzaa joto. Mama mwenye simu aiguse chaja yake inapofanya kazi: lile vuguvugu ni umeme uliolipiwa ambao haukufika kwenye simu.

Sehemu ya pili ni nyaya. Waya mwembamba na mrefu hupata joto kuliko waya mnene na mfupi.

Sehemu ya tatu ni gari lenyewe. Wakati wa kuchaji, kompyuta zake huwa macho, na katika magari mengine pampu na feni za kupoza hufanya kazi. Hivyo hula umeme kila saa, gari liwe linachaji haraka au polepole. Ndiyo maana kuchaji polepole sana kwa soketi ya kawaida hupoteza zaidi: saa zinakuwa nyingi, na kila saa ina ushuru wake. Ni kama kuchemsha maharage kwa moto mdogo mno juu ya jiko lililo wazi. Mkaa unakwisha nayo hayajaiva.

Sehemu ya nne ni betri. Nayo hupata joto inapopokea umeme na inapoutoa.

Sehemu ya tano ni matumizi gari likiwa limesimama. Tukiwangoja watoto nje ya shule huku kipoza hewa kinanguruma, umeme unakwenda lakini kilomita haziendi. Katika magari mengine kioo cha wastani wa safari hakihesabu yote yanayotumika gari likiwa limeegeshwa.

Si jambo la gari letu peke yake. Chama kikubwa cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, kilipima jambo hili na kutangaza mwaka 2022 kwamba kuchaji kwa soketi ya kawaida ya nyumbani kunaweza kupoteza kati ya asilimia 10 na 30 ya umeme, wakati kuchaji kwa kifaa maalumu kinachofungwa ukutani hupoteza kati ya asilimia 5 na 10. Sisi, kwa uniti 73 zilizotoka ukutani, tulipoteza 13, ambayo ni kama asilimia 18. Tulikuwa katikati ya kundi.

Hata serikali za nchi nyingine zinalijua hili. Marekani, karatasi inayobandikwa kwenye gari jipya la umeme huonyesha matumizi yanayohesabiwa kuanzia ukutani, pamoja na kile kinachopotea wakati wa kuchaji. Vipimo rasmi vya Ulaya navyo hufanya hivyo. Kwa hiyo mtu anaweza kukuta kioo chake kinaonyesha namba ndogo kuliko ya kwenye karatasi, akajisifu kwamba ni dereva hodari kuliko wote. Huenda ni hodari kweli, lakini huenda pia analinganisha unga na mahindi.

MAMA AFANYE NINI?

Tunajua magari haya bado ni machache mitaani kwetu, lakini bajaji na pikipiki za umeme zimeanza kuonekana, na zipo nyumba ambazo zitachaji kimoja au kingine. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, usipange bajeti kwa namba ya kioo. Pima kama fundi alivyotufundisha: jaza hadi kiwango fulani, endesha siku kadhaa, jaza tena hadi kiwango kile kile, kisha gawa uniti za mita kwa kilomita ulizokwenda. Sisi tulipata uniti 73 kwa kilomita 400, yaani 18 na robo kwa kila kilomita 100. Hiyo ndiyo namba ya daftari. Usiyeweza kufunga mita ndogo kwa sasa, ongeza walau uniti 20 juu ya kila uniti 100 zinazotajwa na kioo, ndipo utenge fedha.

Pili, kama uwezo upo, fundi mwenye leseni afunge njia ya umeme ya gari peke yake, yenye waya mnene, swichi yake ya usalama na waya wa kwenda ardhini. Sisi tulifanya hivyo baada ya kudunduliza miezi miwili. Kwa kilomita 400 zile zile, kioo kilisema tena uniti 60, na mita ndogo ikasoma 68. Pengo lilipungua kutoka 13 hadi 8. Halitakwisha kabisa, wala tusidanganyane.

Tatu, tusichaji gari kwa ekstensheni iliyoviringishwa nyuma ya kochi. Hapa tunasema kama wauguzi, si kama wahasibu. Soketi iliyochakaa ikibeba mzigo mkubwa saa nane mfululizo inaweza kuyeyuka na kuwasha moto, na kidonda cha moto kwa mtoto kinaweza kuacha kovu la maisha. Soketi ikiwa ya moto mkononi, ikinuka au ikibadilika rangi, zima na umwite fundi usiku huo huo.

Nne, punguza kuchaji vipande vipande kwa nusu saa nusu saa, kwani kila mara gari huamka na kula kabla ya kulisha betri. Gari likitoka kwenye jua kali, liache kwanza lipoe kivulini. Na ukiwangoja watoto, fungua madirisha.

Tano, usiichukie gari. Hata kwa uniti 183 badala ya 150, kwa hesabu yetu ya shilingi 350 mwezi mzima wa safari ulikuwa kama shilingi 64,000. Zilinganishe na zile lita 80 na kitu za petroli. Kosa letu halikuwa kununua gari. Lilikuwa kuamini namba moja na kutomwamini mtu.

LILILOBAKI

Binti alipokuwa msibani tulianza kuogopa kwamba hatarudi, na tulijua tungestahili. Alirudi siku aliyoahidi, amebeba mihogo ya mama yake katika mfuko wa plastiki kwa ajili ya watoto wetu.

Majibu ya mita ndogo yalipotoka, Baba watoto alitaka tumrudishie fedha kimya kimya, tuiite zawadi. Tulibishana kidogo. Mwishoni tulikubaliana kwamba aliyeshitakiwa mbele ya watoto husafishwa mbele ya watoto. Jioni tukakaa sebuleni wote, daftari mezani. Tukamweleza habari za mita, tukamrudishia shilingi 10,000 zake, tukaongeza, na tukasema neno ambalo wakubwa hulisema kwa shida: tulikukosea, tusamehe.

Alikaa kimya muda. Kisha akasema, "Nimewasamehe, mama. Ila pasi mlipoifungia, nguo za shule nilikuwa nazikunja vizuri, naziweka chini ya godoro langu, nazilalia zinyooke."

Miezi miwili watoto wetu walikwenda shuleni wamenyooka, nasi hatukuwahi kujiuliza jinsi ilivyowezekana pasi ikiwa kabatini.

Tangu siku hiyo daftari letu la matumizi lina safu mbili, moja ya kioo na moja ya mita, na pasi iko mahali pake. Binti mwenyewe ndiye anayesoma mita ndogo kila Jumamosi na kuandika, kwani ana mwandiko mzuri kuliko wetu. Juzi alitwambia kwamba wiki ile gari lilipoteza zaidi, akauliza nani alikuwa anangoja shuleni huku amewasha kipoza hewa. Baba watoto akakohoa, akatoka kwenda kuangalia kuku.

Akina mama, kabla hamjamkata mtu mshahara, pimeni kwanza kwa mita yake mwenyewe. Hadi mwezi ujao, tutakaporudi kwenye kawaida yetu na kuzungumza juu ya kikohozi cha watoto wakati wa baridi, tunawatakia nyumba zenye amani.